Papa Aliyesema Hapana

Jumapili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika asubuhi jua lilipotoka kwa hasira. Sasa mabati yanafuka mvuke na barabara ya kwetu hapa commune ya Kisangani, Kongo, ni tope jekundu tupu. Hakuna anayetoka. Nimefurahi, macho yananiuma, na nataka kuandika kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mwezi huu nimemfahamu papa yangu, baba aliyenizaa, upya. Na nimemfahamu ndani ya ukumbi wa parokia, mbele ya filamu ya Papa wa Roma.

Najua inavyosikika. Sisi ni Waislamu tangu enzi za babu wa babu zetu waliokuja na biashara wakabaki na wake. Lakini huu ndio mji wetu, na mambo yake yanachanganyika. Mimi nafundisha Kifaransa shule ya Wakatoliki. Papa, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Ramazani, ni fundi cherehani. Barazani kwake kunaning'inia kanzu, sare za shule, na kanzu ndefu nyeusi za abbé, padri wa parokia, kwa sababu abbé anasema hakuna mkono mwingine unaojua kukalisha kola shingoni kwake. Shingo ya abbé ni nene, nakubali.

Mama alitutoka mwaka juzi. Tangu hapo tumebaki wawili ndani ya nyumba.

Imamu wetu wa zamani alipofariki, kamati ya msikiti ilikuja nyumbani. Walikaa sebuleni, wazee wa heshima, mbele yao Papa Saidi, mwenyekiti, ambaye akizungumza hufunga macho. Nilileta chai na mikate ya mafuta, nikasimama nyuma ya pazia kama mtoto. Papa Saidi akasema, macho yamefungwa, kwamba wamefikiri sana na wameona hakuna mwingine. Kila swala papa yuko msikitini. Wa kwanza kuingia, wa mwisho kutoka. Hasemi maneno mengi, hasengenyi, hagombani. Mtu kama huyo ndiye wa kusimama mbele.

Papa aliangalia kikombe chake. "Bon," akasema. "Nitafikiri."

Mimi nyuma ya pazia niliruka kwa furaha bila sauti.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo ninaposema ukweli. Nilitaka awe imamu kwa ajili yangu. Nilijiona napita sokoni, wanawake wakinong'ona: yule ni binti ya imamu. Na nilifikiri pia kwamba cheo kitamtoa kwenye ukimya wake, kwamba atalazimika kuongea na watu, na nyumba yetu itapata sauti tena.

Badala yake alianza kujificha.

Si utani. Mzee mwenye ndevu nyeupe, anatoka kwa uwanja wa jirani ili asipite mbele ya nyumba ya Papa Saidi. Akimwona mjumbe wa kamati anakuja, anainama chini ya cherehani kutafuta sindano ambayo haijaanguka. Akaanza kwenda kuswali Ijumaa msikiti mwingine, mbali, eti huko kuna mteja anayemdai suruali. Kila nilipomuuliza alijibu, "Mi niko nafikiri, Zaina. Acha nifikiri."

Ndipo abbé akaleta habari ya filamu.

Alikuja kujaribu kanzu yake, akasimama katikati ya baraza na pini mabegani, akaniambia amepata filamu kwenye clé ya USB, ya Kifaransa, nzuri sana, kuhusu kardinali anayechaguliwa kuwa Papa na hataki. Anataka kuionyesha parokiani Jumapili mchana, vijana wapate kuzungumza juu ya wito. Lakini wamama na wazee wengi hawafuati Kifaransa cha haraka. Je, madame Zaina angekubali kushika mikrofoni na kutafsiri?

Nilikubali. Halafu nikasikia sauti kutoka kwenye cherehani.

"Hataki kuwa Papa?" papa akauliza. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali. "Na wanamufanya nini?"

Abbé akacheka. "Kuja uone, Papa Ramazani."

Na akaja. Alivaa kofia yake ya sherehe na akakaa kiti cha plastiki mstari wa pili, karibu na ukuta, kati ya wamama wa chama cha parokia wenye vitenge vya sare. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe limetundikwa mbele, na nje jenereta ilipiga kelele kiasi kwamba mikrofoni yangu ilikuwa muhimu kweli.

Filamu yenyewe ni ya polepole. Kardinali mzee kutoka kisiwa kidogo anachaguliwa kwa sababu wenzake wamechoka kubishana, na yeye peke yake hajawahi kubishana na mtu. Wanamletea mavazi meupe. Anaomba wamwachie usiku mmoja. Anatoroka, lakini haendi mbali: anashuka hadi chumba cha kufulia nguo, anakaa na mzee anayepiga pasi, wanakunja mashuka pamoja. Nje uwanja umejaa watu, mvua inawanyeshea, wanaimba.

Watu wa kwetu hawaangalii filamu kimya. Kardinali alipotoroka, ukumbi ulipiga kelele. "Anaenda wapi ule?" "Mukamate!" Alipokunja shuka vibaya, wamama walicheka hadi nikakosa nafasi ya kutafsiri. Na mimi nilinogewa. Nilimpa kila kardinali sauti yake, mmoja nikamfanya aongee kama mkuu wa shule yetu, na walimu waliokuwepo walimtambua mara moja.

Lakini nilikuwa nimeshaitazama kwenye kompyuta ya abbé. Nilijua mwisho wake. Na nilikuwa na mpango.

Mwishoni yule mzee anatoka kwa mlango wa jikoni, na kanzu yake ya zamani nyeusi na mwavuli wa kuazima, anaingia katikati ya umati. Hakuna anayemtambua. Anamwambia mwanamke aliye karibu naye kwamba hatakuwa Papa, na kwa nini. Mwanamke anamwambia jirani yake, jirani anamwambia mwingine, na lile "hapana" linasafiri mdomo kwa mdomo chini ya miavuli hadi mwisho wa uwanja. Mpango wangu ulikuwa kulilainisha. Ningesema: nipeni muda kidogo. Ningesema: naogopa, lakini nitajaribu. Waliofahamu Kifaransa wangefikiri nimekosea. Papa yangu angetoka pale na moyo wa kukubali.

Ilipofika sehemu ile nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amevua kofia. Ameishika magotini kwa mikono miwili, ameinama mbele kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Sikuwahi kumwona akisikiliza mtu hivyo. Mimi hajawahi kunisikiliza hivyo, labda kwa sababu sijawahi kumwambia kitu cha kusikilizwa hivyo.

Sikuweza kumdanganya.

Nikatafsiri maneno yake kama yalivyo. "Mliniona nimenyamaza, mkafikiri nimejaa Mungu. Nilikuwa mtupu tu."

Ukumbi wote ulisikia.

Taa zilipowashwa, hakuna aliyepiga makofi. Ikawa vita. Maman Béatrice, kiongozi wa wamama wa chama, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na sauti ya ngoma, alisimama na kidole juu.

"Abbé! Roho Mutakatifu anachagua mutu, na mutu anasema hapana? Hii filamu inafundisha watoto yetu nini? Kukataa?"

Vijana nyuma wakashangilia, ikawa mbaya zaidi. Mmoja akasema yule mzee ni mwoga. Msichana wa kwaya akasema hapana, ni jasiri, kukataa mbele ya watu wote wale si kazi ndogo. Wengine walitoka wakisonya. Abbé alijaribu kusema kwamba ni hadithi tu, kwamba tuizungumze taratibu, lakini nani alikuwa anamsikia?

Ndipo akasimama kapiteni mstaafu wa boti, mzee wa Isangi anayeishi nyuma ya parokia. Yeye haongei haraka, na watu humpisha.

"Mi nilikataa boti," akasema. "Pale Yanonge. Mwenye boti alipakia, akapakia, maji ikafika karibu ya ukingo. Akaniambia endesha. Watu wote ndani walikuwa wananiita, capitaine, capitaine, twende. Nikashuka. Walinitukana, hata mama-mukwe wangu. Donc musimutukane ule mzee. Kushuka mbele ya watu iko nguvu."

"Lakini boti si Kanisa!" Maman Béatrice akajibu. Kisha akageuka, akamwona papa yangu kwenye mstari wa pili, na nadhani alitafuta mtu wa nje wa kumuunga mkono. "Papa Ramazani, wewe uko mutu wa Mungu, hata kama si wa kwetu. Kwenu, mutu akichaguliwa, anaweza kukataa?"

Hakujua. Habari ya kamati ilikuwa haijavuka mtaa. Aliuliza tu.

Papa akasimama. Nilitaka kuzima mikrofoni, sijui kwa nini, kama vile yeye ndiye aliyeishika.

"Maman," akasema, "ya Papa wa Roma siijui. Ya mimi ndiyo najua." Akaigeuza kofia yake mikononi. "Wanataka niwe imamu. Wanasema niko mutu wa ibada, juu kila swala niko msikitini. Mi naenda msikitini juu nyumbani bibi yangu, mama ya Zaina, haiko. Nikikaa nyumba, nasikia vile haiko. Kule kuna watu, kuna mukeka, kuna saa ya kusimama na saa ya kukaa. Wanafikiri naomba. Mara mingi siko naomba. Niko nakaa tu."

Halafu akavaa kofia yake, akasema "Pardon, abbé," akatoka.

Maman Béatrice alibaki na mkono mdomoni. Mimi niliacha mikrofoni juu ya kiti, nikamkimbilia.

Nilimkuta karibu na geti, anatembea polepole, mikono nyuma. Tulitembea pamoja. Jua lilikuwa bado juu, watoto walicheza mpira wa matambara njiani, na muuza karanga akatusalimu.

"Umenikasirikia?" akauliza.

"Hapana, papa."

"Ulitaka nikuwe imamu."

Nikaitikia. Hakuna haja ya kumdanganya mtu aliyekuzaa.

"Mama yako angecheka," akasema. "Angesema: Ramazani, wewe ukianza Fatiha unafikiri mifuko ya suruali." Na akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akalia. Papa yangu, barabarani, mchana, karibu na kibanda cha kuchaji simu. Nilimshika mkono na hakuutoa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Na wewe pia ulinyamaza," akasema. "Nikasema, mutoto ameshapona. Nisimurudishe nyuma."

Sikuuachia mkono wake hadi nyumbani.

Siku zilizofuata, mji ulifanya kazi yake. Sokoni walisema abbé ameonyesha filamu inayompinga Papa. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu walisema madame Zaina amemfanya kardinali aongee kama mkuu wa shule, na mkuu wa shule, mwenye kicheko adimu, alinikuta kwenye korido akaniambia mimi ndimi niliyebaki kupewa mavazi meupe. Maman Béatrice alituma kuku nyumbani kwetu. Kuku mzima, amefungwa miguu, bila ujumbe wowote. Abbé alihubiri Jumapili iliyofuata juu ya wale waliosema hapana, nasikia alihubiri vizuri, ingawa nusu ya watu walitoka wakiwa bado hawajakubali. Nampenda zaidi kwa hilo. Angeweza kuomba radhi na kufunga mlango.

Na habari ilivuka mtaa, bila shaka. Ilimfikia Papa Saidi siku ile ile, kabla ya magharibi.

Nilidhani watakuja na hasira: mwanamume wa msikiti anaenda kufungua moyo wake parokiani? Papa pia alidhani hivyo. Ijumaa ilipofika alipiga pasi kanzu yake mwenyewe, akaniambia, "Leo naenda kwetu. Sitazunguka tena." Nilienda pia, nikakaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Naona mambo yote makubwa ya maisha yangu nayasikia nyuma ya pazia.

Baada ya swala aliomba ruhusa ya kusema. Nilisikia sauti yake, ndogo, ikitafuta njia. Hakurudia yale ya parokiani. Alisema tu: "Ndugu zangu, aksanti. Heshima muliyonipa ni kubwa. Lakini mutu anayesimama mbele lazima awe anajua anaenda wapi. Mi bado sijui. Hapana. Munisamehe."

Mwanamke aliye karibu nami alikamata goti langu.

Kisha sauti ya Papa Saidi. Nina hakika alikuwa amefumba macho.

"Ramazani," akasema, "tulikuona hapa kila siku. Mwaka, na zaidi ya mwaka. Tulikuona unakuja, tukakuona unatoka. Hata mumoja kati yetu hakukuuliza uko namna gani. Sisi ndiyo tuombe musamaha."

Upande wa wanawake tulilia kama mvua ya leo. Bibi mmoja alilia zaidi ya wote, na baadaye akaniuliza ni nani aliyekufa.

Imamu sasa ni Maalim Yusufu, aliyekuwa msaidizi. Ni kijana bado, kwa macho ya wazee, na anavuta sana mwisho wa aya, lakini sauti yake ni tamu na anajua anaenda wapi. Wapo wanaonung'unika. Jana nilisikia mmoja anasema kwamba Ramazani amekataa neema, na neema hairudi mara mbili. Papa alisikia pia. Aliinua mabega, akaendelea kukata kitambaa.

Kilichobadilika ni baraza. Wazee wa kamati wamefanya zamu, sijui nani aliwapangia. Kila baada ya alasiri mmoja wao anakuja kukaa. Papa Saidi analeta tangawizi. Kapiteni wa Isangi naye amegundua njia ya kwetu, na anasimulia mto kipande kwa kipande, kutoka Yanonge hadi Lomami, hadi Opala. Wanazungumza, wanabishana juu ya samaki na siasa, wanacheka. Sare za shule hazishonwi tena kwa wakati, wazazi wanalalamika. Mimi natoka shuleni nakuta nimebaki bila kiti.

Sijawahi kufurahi hivi kukosa kiti.

Sasa leo. Tope limewafungia wazee makwao, kwa hiyo tulikula wawili tu mchana, mimi na papa, wali na pondu ya majani ya muhogo na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Niliweka sahani, nikaketi. Yeye alikuwa ameshika kijiko lakini hakula. Aliniangalia.

"Na wewe, Zaina," akasema. "Uko namna gani?"

"Muzuri, papa."

Nilijibu haraka, kama ninavyojibu kila mtu, shuleni, sokoni, kwenye simu. Nimejibu hivyo tangu siku ya mazishi. Nafundisha vitenzi, nasahihisha insha, wanafunzi wananiita madame wa chuma, nami nimeliona hilo jina kuwa sifa.

Hakuondoa macho. Akaweka kijiko chini.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Basi nikasema. Nilisema kwamba kitenge cha mwisho cha mama sijakifua. Kwamba nikipita mbele ya hospitali nashika upande wa pili wa barabara. Kwamba nilifurahi papa alipokuwa msikitini kutwa, kwa sababu niliweza kulia jikoni bila kumsumbua. Nilisema mambo mengine ambayo hata hapa sitaandika. Alisikiliza ameinama mbele, kama siku ile ukumbini. Hakunipa nasaha. Alisogeza kiti chake karibu na changu, basi, na samaki akapoa, na paka wa jirani akaja akaona bahati yake.

Sasa papa amelala kitini barazani, mdomo wazi. Nimeangalia kwenye kioo: macho yangu yamevimba kama mikate ya mafuta, na asubuhi hayatakuwa yamepungua.

Kesho saa ya kwanza nina darasa la tano. Wataniona nikiingia, na yule wa mbele anayeuliza kila kitu atauliza, "Madame, una nini?" Nimezoea kusema ni vumbi.

Kesho nitawaambia nilikuwa namlilia mama yangu. Halafu tutafungua vitabu.